Fri ya Magari ya Siku Hizi Ina Masharti

Asubuhi moja ya hivi karibuni, katika gereji ya mtaani iliyo kando ya barabara itokayo mjini Mwanza kuelekea Igoma, wanaume saba walikuwa wakisukuma gari dogo jeupe lililoziba mlango wa kuingilia. Gari halikwenda. Magurudumu ya nyuma yalikuwa radhi kuzunguka, lakini ya mbele yaliburutwa juu ya changarawe kama miguu ya mbuzi asiyetaka kuingia zizini, yakiacha nyuma yake mifereji miwili. Mzee mwenye gereji, ambaye ameshika spana tangu enzi za Peugeot 504, alimwuliza kijana aliyeketi kwenye usukani kama ameweka fri.

"Nimeweka, Mzee, lakini haikubali," kijana akajibu.

Mzee akachungulia ndani. Kijiti cha gia, kidogo kama kidole gumba, kilikuwa katikati ya nafasi yake, pale pale kinapokaa siku zote, hata gari likiwa mbioni kilomita themanini kwa saa. Betri ilikuwa imetolewa tangu saa moja na kupelekwa kuchajiwa nyumba ya pili. Gari lilikuwa limekufa, na fri ilikuwa imekufa pamoja nalo.

Mwandishi wa safu hii alikuwapo, kwa kuwa lake ndilo gari lililozuiliwa ndani. Tulingojea betri kwa muda wa saa mbili na nusu, na muda huo wote mazungumzo chini ya mwembe yalikuwa ni hayo hayo: inakuwaje gari lizuiwe na kitu ambacho kazi yake ni kuliachia?

Hapana budi tukumbushane kwanza fri ilikuwa kitu gani. Kwa dereva wa zamani fri ilikuwa mahali. Katika gari la klachi ilikuwa pale kati, ambapo mkono wa gia huyumba kushoto na kulia bila kukamata kitu. Katika gari la otomatiki ilikuwa nafasi yenye herufi N, na mkono wa gia ukifika hapo ulikuwa umevuta waya wa chuma, na waya ule ulikuwa umegeuza kipande cha chuma kwenye giaboksi. Mtu aliweza kuijua gizani kwa kupapasa. Tena fri ni mkongwe kuliko herufi P tunayoitegemea leo kuegeshea. Gari la Oldsmobile la toleo la mwaka 1940, ambalo ni miongoni mwa magari ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi huko Marekani, lilikuwa na N lakini halikuwa na P. Aliyetaka kuliegesha alizima injini na kuliacha katika gia ya kurudi nyuma.

Hata baadaye, watengenezaji walipoanza kufunga mkono wa gia ili usitoke P mpaka dereva akanyage breki, walimkumbuka fundi. Kando ya mkono waliacha kitundu chenye kifuniko. Umeme ukiwa umekwisha kabisa, mtu huchomeka bisibisi au ncha ya ufunguo, hubonyeza, na mkono huachia. Maelfu ya Corolla zinazopita katika barabara zetu zina kitundu hicho, ingawa wenye magari wengi hawajapata kukiona.

Magari ya gia za umeme yameondoa waya. BMW ya safu ya 7 iliyotoka mwaka 2001 ilikuwa na mkono wa gia wa aina hiyo, na Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo iliyoueneza mpango huo kwa watu wa kawaida. Kijiti ni swichi tu. Ukikisogeza hakivuti chochote, kinapeleka maombi. Kompyuta huyapokea na kutazama kama breki imekanyagwa, kama gari limesimama, kama umeme unatosha, na ikiridhika huamuru mota ndogo iliyo kwenye giaboksi kutenda. Kisha kijiti hurudi katikati chenyewe, kwa hiyo kukishika au kukitazama hakukuambii gari liko katika gia gani. Jibu liko kwenye dashibodi, kwenye herufi inayowaka, na ikiwa dashibodi imezimika hakuna jibu.

Magari hayo si mageni tena kwetu. Prius zimejaa, na Nissan Leaf la umeme mtupu lililoanza kuuzwa mwaka 2010 lipo. Zipo pia Honda Fit na Vezel za petroli na umeme, za kuanzia mwaka 2013, pamoja na Nissan Note ya e-Power iliyotoka mwaka 2016. Yametumika Japani miaka kadhaa, yamepanda meli, na usukani wake uko upande tunaoutumia sisi. Kwa jirani zetu wa Kenya, ambako gari kuukuu lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, mkono wa gia wa waya utazidi kuwa haba mwaka hata mwaka. Fundi anayesema kwamba mambo haya ni ya Ulaya anajidanganya, maana yamekwisha kufika mlangoni pake na kuuziba.

Turudi kwenye lile gari jeupe, lililokuwa Prius ya kizazi cha tatu. Ndani ya giaboksi yake umo ulimi wa chuma ambao, gari likiwa katika P, huingia katika meno ya gurudumu dogo na kuyazuia magurudumu ya mbele. Ulimi huo huondolewa na mota ndogo, na mota hiyo hutegemea betri ya kawaida ya volti 12. Gari lile lina betri nyingine kubwa ya volti 201.6, ambayo inaweza kulisukuma barabarani, lakini kwa kazi hii haina msaada wowote. Na betri ndogo yenyewe imefichwa ndani ya buti upande wa kulia, na buti hufunguliwa kwa umeme. Aliyeishiwa betri hawezi kufungua mahali betri ilipo, mpaka atambae ndani kupitia viti vya nyuma! Waliounda gari walilifikiria hilo, wakaweka chini ya boneti, katika kisanduku cha fyuzi, ncha ya chuma yenye kifuniko chekundu ya kuunganishia betri ya kuazima. Wale wanaume saba walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka kwenye ncha hiyo. Hakuna aliyeijua, akiwamo mwandishi. Laiti tungaliijua, betri ya gari lolote lililokuwapo ingalitosha kuliamsha gari kwa dakika chache.

Yafaa ieleweke kwamba jambo hili si la usumbufu peke yake. Mwezi Juni mwaka 2016 mwigizaji wa sinema Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles. Gari lake, Jeep Grand Cherokee la mwaka 2015, lilikuwa limeteremka lenyewe katika njia ya mteremko ya kuingilia nyumbani na kumbana kwenye nguzo ya matofali na uzio. Gari lile lilikuwa la aina ya kijiti kinachorudi katikati. Miezi miwili kabla yake, mwezi Aprili, kampuni iliyolitengeneza ilikuwa imetangaza kuyaita magari zaidi ya milioni moja ya aina hiyo yarekebishwe, kwa sababu madereva walikuwa wakishuka wakidhani wameweka P kumbe hawakuweka.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kuifundisha kompyuta kumshuku dereva. Mlango ukifunguliwa, mkanda ukiwa umefunguliwa na gari likiwa limesimama, kompyuta hudhani mtu anashuka na huweka P yenyewe. Wengine wamefuata njia hiyo hiyo. Yapo magari ambayo ukizima injini tu ulimi huingia. Katika BMW nyingi unaweza kuweka N na kuzima injini, nalo likavumilia kwa muda uliowekwa, kama robo saa au zaidi kidogo ya nusu saa kwa kadiri ya toleo, kisha likarudi P bila kumwuliza mtu. Hatuwezi kuilaumu dawa hiyo, maana imetokana na damu ya watu. Lakini aliyeitunga alikuwa akimfikiria dereva anayeshuka kwenda nyumbani kwake. Hakumfikiria fundi anayetaka gari litulie katika fri saa nzima, mlango ukiwa wazi, kiti kikiwa hakina mtu.

Na fundi anaihitaji fri kwa kazi nyingi. Kulisogeza gari juu ya shimo na kulitoa ni kazi ya kila siku. Anayepima ulinganifu wa magurudumu hulazimika kulisukuma gari nyuma na mbele kidogo kidogo ili vipimo viwe sawa. Anayesikiliza beringi iliyokwisha huinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Anayefungua ekseli ya mbele hutaka gurudumu lizunguke ili afikie nati zote. Sasa fikiria vijana wanne wakilisukuma gari juu ya shimo, na yule aliye kwenye usukani akafungua mlango ili aone tairi inakanyaga wapi. Ni tabia ya miaka yote, na wala si tabia mbaya. Gari likiwa la aina hiyo, na likasita hata kidogo, kompyuta huagiza P. Ulimi hunasa kwa kishindo, gari husimama ghafla tairi moja ikiwa ukingoni mwa shimo, na aliyekuwa akisukuma nyuma hupiga kifua kwenye chuma.

Lipo kosa jingine lililo kinyume cha hilo, nalo ni la hatari zaidi. Wako mafundi ambao, baada ya kuikosa fri, huamua kufanya kazi gari likiwa katika P, wakiamini kwamba P imelifunga. P haifungi magurudumu manne. Inafunga difu, na difu hugawa mzunguko kwa magurudumu mawili tu yanayoendeshwa. Yote mawili yakiwa chini, gari limesimama imara. Inua moja kwa jeki, na lile lililoinuliwa sasa liko huru kuzunguka upande mmja huku la chini likizunguka upande wa pili, na ulimi wa P ukibaki mahali pake bila kuzuia chochote. Gari la kuendeshwa na magurudumu ya mbele lililoinuliwa gurudumu moja la mbele, katika uwanja wenye mteremko kama viwanja vingi vya Mwanza, laweza kuondoka juu ya jeki likiwa katika P. Kinachoweza kulizuia ni breki ya kuegesha, ambayo katika Prius nyingi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto na kushika magurudumu ya nyuma, pamoja na mawe yaliyokabwa kwenye magurudumu hayo. Mji huu haukosi mawe. Ajabu ni kwamba gereji nyingi hukosa mawili ya kutosha.

Kwa hiyo kabla ya kuiomba fri, mawe yatangulie. Hili ni muhimu hata katika zile Jeep na Ram zilizowekewa kamba fupi ya dharura, iliyofichwa chini ya kifuniko karibu na kijiti au karibu na goti la dereva. Kamba hiyo ikivutwa huondoa ulimi bila kuhitaji umeme, na gari huwa huru papo hapo. Aliyeivuta kwenye mteremko bila kushika breki ya kuegesha atalikimbiza gari lake kwa miguu.

Prius haina kamba ya namna hiyo. Njia yake inayomfaa fundi ni kuliamsha gari bila kuliwasha. Mguu ukiwa mbali na breki, kitufe cha kuwashia hubonyezwa mara mbili. Dashibodi huwaka lakini neno READY halitokei. Ndipo breki inakanyagwa, na kijiti kinasogezwa kwenye N na kushikiliwa hapo kidogo mpaka herufi N ionekane. Kukigusa na kukiachia haraka hakutoshi, na hapo ndipo wengi hushindwa na kusema gari ni bovu. Baada ya hapo kitufe kisiguswe tena, maana kubonyeza ili kuzima ni kuagiza P.

Kwa nini tusitake READY? Kwa sababu gari lenye READY liko hai hata likiwa kimya. Injini ya petroli inaweza kuwaka yenyewe wakati kompyuta inapoona inafaa, na aliyeweka mkono asipopaswa kuuweka hapewi onyo. Aidha, katika N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inanguruma, na hivyo aliyeliacha gari katika fri akidhani linajichaji atashangaa. Njia ya kuliamsha bila kuliwasha nayo ina gharama yake: taa na kompyuta hula betri ndogo dakika kwa dakika, na betri ikiisha gari likiwa katika N halina uwezo wa kurudi P kwa nguvu zake. Kazi ikiwa ndefu, chaja ifungwe tangu mwanzo.

Limebaki jambo ambalo madereva wa magari ya brekdauni wanapaswa kulisikia kuliko wote. Fri ya Prius si fri kwa maana ya zamani. Hakuna klachi inayoachia wala gia inayotoka. Mota kubwa ya umeme imeunganishwa na magurudumu ya mbele wakati wote. Katika N kompyuta inaacha tu kuipa umeme. Kulisukuma gari hatua ishirini uwanjani hakudhuru. Bali kulikokota kwa kamba kutoka Magu hadi Mwanza, magurudumu ya mbele yakiwa chini, ni kuizungusha mota ile njia nzima, na mota inayozungushwa huzalisha umeme. Mtengenezaji amekataza waziwazi, na kutaja kwamba gari lenye hitilafu laweza hata kushika moto. Magurudumu ya mbele yainuliwe, au gari zima lipakiwe juu ya lori. Na anayekuta nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya gari asizisogeze kwa bisibisi.

Maelezo yote haya yamo katika kitabu kinachokuja na kila gari. Kitabu kimo kwenye kisanduku mbele ya kiti cha abiria, kimefungwa vizuri katika mfuko wake, na kimeandikwa Kijapani. Mwagizaji amelipia meli, ushuru na kodi; ameweka nembo ya kampuni yake nyuma ya gari na kalenda mkononi mwa mteja. Kurasa mbili za Kiswahili, zenye kueleza betri iko wapi, fri huwekwaje na gari hukokotwaje, zisingempunguzia faida hata kidogo. Kwa maoni yetu hilo ni jambo ambalo wanunuzi wanayo haki ya kulidai kabla ya kutoa fedha, kama wanavyodai tairi ya akiba na jeki.

Vyuo vya ufundi navyo vina sehemu yao. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili ufundi ufundishwe kwa utaratibu badala ya kubahatishwa, na kijana anayehitimu umakanika leo atakutana na kijiti cha swichi katika mwezi wake wa kwanza kazini. Lakini mafundi wengi wa mitaani hawakupita chuoni. Walijifunza kwa kushika taa huku mzee akifungua nati, na katika magari haya mzee mwenyewe hajui. Tumezoea kuona ujuzi ukiteremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Hapa mara nyingine kijana mwenye simu ndiye atakayesoma na mzee ndiye atakayesikiliza, na wote wawili watahitaji uvumilivu. Tuseme kweli, mzee wa Igoma aliuonyesha. Betri iliporudi, saa tano hivi, hakumfukuza kijana kwenye kiti. Alimwuliza, "Haya mwanangu, simu yako inasemaje?"

Kijana akasoma kwa sauti. Mzee akaagiza mawe mawili kwanza, kabla betri haijafungwa, na akasimamia mwenyewe yalivyowekwa nyuma ya magurudumu. Kitufe kikabonyezwa mara mbili. Breki ikakanyagwa. Kijiti kikasogezwa, kikashikiliwa, na herufi N ikawaka. Mawe yakaondolewa, na wale wanaume saba wakajipanga tena nyuma ya gari, wengine wakiwa wamekwisha kukunja mashati. Wawili walitosha.